Kwa Nini Mwezi Hautuangukii
Watoto wa shule hapa Kibosho huuliza, wengine kwa hofu: ikiwa dunia huvuta kila kitu, mbona mwezi hautuangukii? Isaac Newton, Mwingereza aliyefariki mwaka 1727, alieleza kwa mfano wa mlima mrefu. Sisi na tutwae Kibo. Ukitupa jiwe kutoka kileleni, laanguka. Ukizidisha nguvu, laanguka mbali zaidi. Lau lingekwenda kilomita 28,000 kwa saa, pasipo hewa ya kulizuia, lingeanguka daima lisifike chini, maana dunia ni mviringo nayo yapinda chini yake. Ndivyo uangukavyo mwezi. Na wakaao katika kituo cha anga, kilomita 400 juu, huelea si kwa kukosa mvuto, bali kwa kuwa wao na chombo chao huanguka pamoja. Basi, watoto, msiogope: mvuto uteremshao maji ya mifereji yetu ndio uushikao mwezi usipotee.