Kwa Miguu Katika Nchi ya Rutamba

Wakati wa likizo walitujia walimu wawili vijana, mmoja akiwa na picha ya watu waliopanda farasi katika bonde la milima ya Himalaya. Akatuuliza kwa nini nchi ya Lindi haina matembezi ya namna hiyo. Tukamjibu, "Mwanangu, muulize mbung'o."

Maana mdudu huyu ndiye aliyewanyima wazee wetu wanyama wa kupanda. Mwaka 1866 Dakta Livingstone alishuka Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, akashika njia ya Ruvuma. Wakafa mmoja baada ya mmoja, kwa kuumwa na mbung'o na kwa kutendwa vibaya na watunzaji wao. Hata ile mifupa ya mijusi mikubwa ya kale iliyochimbwa Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Rutamba, tangu 1909 hata 1913, ilishuka Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku nne. Leo imesimama Berlin, na watu hutoa fedha kuitazama.

Bassi, tukaenda kwa miguu. Rutamba ni magharibi ya mji wa Lindi. Tuliondoka alfajiri, umande ukitulowesha hata magotini, tukafika ziwani wakati jua linachomoza, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Toka hapo tuliingia msitu wa Litipo, ulio kati ya ziwa Rutamba na ziwa Tandangongoro. Si msitu mkubwa, wapata kilometa 10 za mraba tu, walakini aingiaye humo huona kama mtu aliyefunga mlango nyuma yake: jua hukatika, sauti hupungua. Humo hukaa komba mdogo kabisa, uzito wake kama gramu 60, na mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa. Wataalamu walimpa jina la Rondo katika miaka ya 1990, kwa ajili ya uwanda wa juu wa Rondo, ambao nao ni makao yake. Sisi hatukumwona, kwa kuwa hutembea usiku. Tuliona visiki. Kimoja kilikuwa kibichi bado, na vumbi la msumeno jekundu chini yake. Hakuna aliyesema neno.

Penye njia panda Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alitutazama miguuni, akasema, "Wanangu, maji mliyo nayo hayatoshi, rudini." Tulimshukuru, nasi hatukurudi. Kosa hili ni letu sisi tulio wakubwa, si la vijana.

Saa saba mchana yule mwenye picha aliacha kutoka jasho. Akaketi, akaanza kusema maneno yasiyo na maana, na ngozi yake ilikuwa moto kama chungu. Tukamlaza kivulini, tukammwagia maji yote yaliyobaki kichwani na kifuani, naye mwenzake akapiga mbio kuita watu. Tulikaa naye peke yetu kwa muda tuliouona mrefu kuliko siku nzima, tukimpepea kwa daftari, tukiyakumbuka maneno ya Bibi.

Wakaja wanaume wanne na mti mrefu na kitenge cha mtu, wakafunga machila. Tulipokezana mti ule. Ndugu, mtu mmoja mwembamba ni mzito! Kila hatua mia tulibadili bega, na tulipoufikia mchanga tukabadili kila hatua thelathini. Kijana mmoja wa wale wanne alisema babu yake aliwahi kuhadithia habari za kubeba mifupa ya Tendaguru. Alicheka, asiongeze neno.

Barabarani pikipiki ilimchukua hata zahanati, ameshikwa mbele na nyuma. Siku ya tatu alisimama. Ameandika kuomba viatu vyake, tulivyomvua kule msituni. Vingali kwetu, nasi tutavipeleka wenyewe Jumamosi, pamoja na kitenge kipya cha kumrudishia mwenyewe.