Siku Makochi Yalipotolewa Nje

Mimi nilikuwa mtu wa makochi. Naanza na hilo ili anayesoma ajue kwamba habari hii sikusimuliwa, niliifanya mwenyewe kwa fedha yangu. Kwa miaka sita niliishi na mume wangu na watoto wetu wawili katika chumba na sebule, Temeke, na kila aliyeniuliza habari za nyumbani nilimjibu yale yale: tupo, ila pamebana. Nilimlaumu mwenye nyumba, nikamlaumu fundi aliyejenga, na siku nyingine, Mungu anisamehe, nikamlaumu baba watoto kwa kipato chake. Makochi sikuyalaumu hata mara moja.

Sebule yenyewe ni futi 10 kwa 12. Unaingilia ukumbini, kama zilivyo nyumba zetu za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Dirisha linakutazama ukiingia, na mlango wa chumbani uko kushoto, karibu na dirisha hilo. Humo nilikuwa nimeingiza seti nzima: kochi la watu watatu, la watu wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja, yale yenye mikono mipana kama mito ya kulalia, yaliyogusa sakafu kotekote. Katikati meza ya kioo na stuli zake nne. Ukutani kabati la vyombo lenye glasi zisizonywewa. Kuta damu ya mzee, pazia damu ya mzee, na juu ya kila kochi kitambaa cheupe nilichokifuma mwenyewe.

Seti ile niliilipa kidogo kidogo kwa miezi 14. Siku ilipoletwa, kochi kubwa liligoma kupita, ikabidi mlango ung'olewe kwenye bawaba. Majirani wakatoka kuangalia, nami nikajiona nimefika. Leo naona mlango ule ulikuwa unanipa ushauri wa bure.

Kochi kubwa lilikaa chini ya dirisha, mgongo wake ukaziba nusu ya nondo, na upepo ukaishia nje. Pangaboi lilizungusha joto lile lile usiku kucha. Mlango wa chumbani ulifunguka nusu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kochi, kwa hiyo tuliingia kulala kwa ubavu. Watoto walilala sebuleni, kama ilivyo kwa wengi waliopanga chumba na sebule. Kila usiku meza ilipandishwa kwenye kochi, stuli zikapanda juu ya kochi jingine, ndipo godoro lipate pa kutandikwa. Alfajiri tunashusha. Na mchana watoto hao hao hawakuruhusiwa kukaa kwenye makochi wasije wakayachafua. Kazi za shule walizifanyia ukumbini, wamelala kifudifudi sakafuni, wapangaji wenzetu wakiwaruka. Sebule ilikuwa ya wageni. Wageni wenyewe walikuja Idi mbili kwa mwaka, na mwenye nyumba alipofuata kodi.

Mama mkwe wangu, akija kutoka Rufiji, hakukaa kwenye makochi yale hata siku moja. Alikuwa na mkeka wake wa ukindu, anautandika karibu na mlango, anaegemea ukuta na kunyoosha miguu. "Kochi lako linanimeza, mwanangu," aliniambia. "Nikikaa hapo nitataka mtu wa kuniopoa." Nilicheka naye, lakini moyoni nilisema huu ni ushamba.

Alifariki akiwa kwetu, alikuja kwa matibabu. Msiba ukawekwa hapo hapo.

Aliyewahi kufiwa anajua: msibani hakuna anayekuomba ruhusa ya kuhamisha vitu vyako. Kabla sijafuta machozi, vijana wa mtaani walikuwa wameshaingia. Mlango ukang'olewa tena. Yakatoka makochi, ikatoka meza, zikatoka stuli na kabati, vyote vikapangwa uani kwa jirani na kufunikwa nailoni. Ndani yakatandikwa majamvi na mikeka. Wanaume wakakaa nje chini ya turubai, wanawake wakaingia ndani.

Siku ya pili, mchana, nilikwenda na birika la kunawisha watu mikono. Nikasimama mlangoni. Sinia zilikuwa nne, na kila sinia imezungukwa na watu watano. Watu 20 walikuwa wanakula katika sebule ambayo wageni sita tu walinifanya nijifungie chumbani kwa aibu. Na njia ya kupita ilikuwepo. Dirisha lilikuwa wazi lote, upepo unaingia, watoto wachanga wamelala kwenye kanga wala hawatoki jasho. Ni aibu kulisema, lakini katikati ya msiba ule nilijikuta nahesabu futi.

Matanga yalipoanuliwa, vijana wakarudi kutimiza wajibu wao. "Mama, turudishe vitu ndani?"

Nikawaambia, "Subirini kwanza."

Baba watoto aliniuliza swali moja tu: "Sasa wageni wakija watakaa wapi?" Nikamjibu, "Walipokaa siku tatu hizi." Hakuongeza neno. Tukakubaliana tukae mwezi mmoja bila kurudisha chochote, kisha tuamue.

Katika mwezi ule niliazima futikamba, nikaenda uani kupima vitu vyangu kama askari anayepima ajali. Kochi kubwa lilikuwa futi 7 kwa 3. La watu wawili futi 5 kwa 3. Yale madogo futi 3 kwa 3 kila moja. Seti peke yake ilikula futi 54 za mraba. Nikajumlisha meza, stuli na kabati, nikapata kama 80. Sebule nzima ina futi 120. Maana yake theluthi mbili ya kodi ya sebule ilikuwa inalipwa kwa ajili ya samani kulala, na theluthi iliyobaki tuligawana binadamu wanne.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiishi Mji Mkongwe, Unguja. Vyumba vya nyumba zile za mawe ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki upana mkubwa. Mita tatu hivi ndiyo kikomo chake. Chumba cha bibi kwa upana hakikuizidi sebule yangu, lakini sikumbuki hata siku moja kusikia mtu akisema pamebana. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe. Vitu vilikaa ndani ya ukuta, kwenye mashubaka, ambayo watu wa Lamu huyaita zidaka, wala havikusimama sakafuni. Watu walikaa pembeni, kwenye baraza au kwenye busati, na katikati pakaachwa. Wazee wetu wa pwani waliishi na chumba chembamba kwa karne nyingi na wakajua namna ya kukaa nacho. Mimi nilikuwa nimeleta samani za jumba la kifahari nikazilazimisha ziingie sebule ya Temeke.

Seti nikaiuza kwa mtu mwenye nyumba kubwa Mbagala. Fedha ile nikaenda nayo Keko, kwa mafundi seremala, nikaagiza baraza la mbao lenye urefu wa futi 9, kina cha futi 2, na kimo cha futi moja na nusu, la kukaa ukuta wa kulia. Kabla sijaagiza nilitandaza kanga sakafuni. Kanga moja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na ushee, inakaribia kabisa kochi la watu wawili, hivyo ukiikunja au ukiiunga na nyingine utapata umbo la samani yoyote unayoitamani. Niliziacha pale siku tatu, tukipita kando yake. Tulipojikwaa, nilikunja zaidi. Nawasihi wenzangu: kabla hujamkabidhi fundi hela, kitandaze kitu chako kwa kanga, uishi nacho kwanza.

Fundi alitaka kulifunga baraza chini liwe kama sanduku, niweke vitu ndani. Nikakataa. Nilitaka liwe na miguu, sakafu ionekane mpaka ukutani, maana jicho linapima chumba kwa sakafu linayoiona. Juu tukaweka sponji za inchi nne na mito miwili. Watu wazima watano wanakaa bila kugusana viwiko. Kwenye seti, kila mtu aliyekaa alikuwa anakula karibu futi 8 za mraba. Kwenye baraza hazifiki 4. Stuli nilibakiza mbili, zinaingia chini ya baraza. Viti vya plastiki vinne vimepachikana, na mlango wa chumbani sasa unafunguka wote.

Rangi ilinitoa jasho. Damu ya mzee haifi kwa mkono mmoja. Nilipiga mikono mitatu ya krimu ndipo ikakubali kufunikwa. Dari nikaipa nyeupe. Bomba la pazia, lililokuwa limebana juu ya dirisha, nikalipandisha karibu na dari na kulirefusha futi moja kila upande. Pazia jepesi likianzia juu vile na kushuka mpaka chini, dari huonekana imepanda, na ukilifungua linakwenda kukaa ukutani, halifichi kioo. Kabati la vyombo likaondoka. Badala yake rafu moja ndefu usawa wa juu ya mlango, shubaka la mpangaji asiyeweza kuchimba ukuta wa watu. Na zile glasi sasa tunanywea.

Nilikosea pia. Nilisikia kwamba kioo kinaongeza chumba, nikanunua kikubwa, nikakitundika kando ya dirisha. Kumbe pale kilikuwa kinatazama ukumbini. Ukiingia unakaribishwa na ndoo sita za wapangaji zilizogeuka 12, na majiko ya mkaa mara mbili. Kioo hakichagui cha kuongeza. Nikakihamishia ukuta wa mlangoni kikatazamana na dirisha. Sasa kinaleta ndani matawi ya mwarobaini wa jirani, na saa kumi jioni mwanga unafika kona ambayo hatukuwahi kuiona bila taa.

Kubwa kuliko yote lilikuwa kuvumilia maneno. Makochi yakiondoka nyumbani kwa mtu, mtaa una tafsiri yake. Jirani mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama tumefilisika. Mwingine alimwambia mume wangu kwamba si vizuri kuuza vitu vya ndani. Nilielewa basi kwamba makochi yale hatukuyanunua kwa ajili ya kukaa. Yalikuwa cheti cha kuonyesha kwamba na sisi tumo, na cheti hicho watoto wangu walikilipia kwa kusomea ukumbini.

Sasa wanasomea sebuleni, kwenye mkeka wa bibi yao, pale pale mlangoni alipokuwa anaegemea. Usiku godoro linatandikwa bila kuhamisha hata stuli. Idi iliyofuata tulipokea wageni 11. Watano barazani, wanne kwenye viti vya plastiki, na dada mtu wa marehemu mama mkwe alilipita baraza langu bila kulitazama, akavua viatu, akakaa mkekani na mjukuu wake. Sikuona ushamba wowote.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja kufuata kodi. Alisimama mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama dari. "Kumbe sebule hii kubwa namna hii," akasema, na nikaona macho yake yanaanza kupiga hesabu. "Itabidi tuangalie upya kodi."

Nikaenda chumbani nikatoka na futikamba. Nikamshikisha ncha moja, nikanyoosha mpaka dirishani, kisha toka ukuta huu hadi ule. Futi 10 kwa 12, kama alivyoijenga. Akaguna, akahesabu hela yake, kodi ile ile, akaondoka.