Baba Isaya na Enzi za Nyankumbu

Kalangalala, hapa mjini Geita, hakuna kijiwe kisicho na kocha. Fundi viatu ana kikosi chake, kijana wa bodaboda ana mfumo wake, na mama wa vitumbua anajua fika nani alipaswa kutolewa mapema kipindi cha pili. Lakini likitajwa jina la Fred Felix Minziro, kocha aliyeipandisha Geita Gold Ligi Kuu, wote hawa wanashusha sauti kidogo, kama wanafunzi waliosikia mwalimu mkuu anapita. Wengi wanamwita Baba Isaya. Waliokula chumvi nyingi, waliomsikia redioni akikaba kwa jezi ya Yanga, bado wanamwita Majeshi.

Nataka niseme jambo ambalo vijiwe vyetu havipendi kulisikia: sifa hizi zote hazikuwepo yeye alipokuwa hapa. Nami nilikuwepo. Nilizisikia kelele za wakati ule, nazisikia na nyimbo za sasa, na kati ya hizo mbili kuna hadithi ya jinsi mji mzima ulivyojifunza kupenda timu yake.

Turudi nyuma. Mimi ni wa kizazi kilichokulia kwenye redio, Geita ikiwa bado wilaya tu ndani ya Mkoa wa Mwanza. Huku kwetu mtu alizaliwa Yanga au Simba, basi. Mimi nilizaliwa Yanga. Wachimbaji wadogo walioshinda kwenye maduara ya Mgusu na Nyarugusu wakirudi mjini jioni, swali la kwanza halikuwa bei ya dhahabu bali matokeo ya Dar es Salaam. Mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000 tulipata magari mengi, wageni wengi na nyumba za kupanga kila kona. Timu ya kuisemea kwa kiburi tulikuwa bado hatuna.

Wenzetu wa Shinyanga walitutangulia. Stand United, wanaojiita Chama la Wana, walipanda Ligi Kuu na kucheza msimu wa 2014/15. Mwaka uliofuata Mwadui wakapanda, wakiwa na Jamhuri Kihwelo, yule Julio asiyeishiwa maneno. Kwa hiyo ukanda huu wa almasi na dhahabu ulikuwa na timu mbili kwenye ligi, zote za upande wa almasi. Mtu wa Geita aliyetaka kuiona Simba au Yanga kwa macho alipanda basi kwenda uwanja wa Kambarage, Shinyanga, au CCM Kirumba, Mwanza, akarudi usiku amechoka na hana hata timu ya nyumbani ya kuilaumu.

Kisha ukaja mwaka 2016. Hapa ndipo wengi wanaporuka wanaposimulia, nami siruki. Geita Gold Sports, kama timu ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa mlangoni mwa Ligi Kuu ikikimbizana na Polisi Tabora katika kundi moja la Daraja la Kwanza. Siku ya mwisho Geita ikashinda mabao 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa. Polisi Tabora nao wakashinda 7-0 dhidi ya JKT Oljoro. Mabao kumi na tano katika mechi mbili, siku moja, kundi moja! Hata mtoto wa chekechea angeuliza. Shirikisho la soka, TFF, likauliza, na Aprili mwaka huo likazishusha daraja timu zote nne kwa upangaji wa matokeo. Nafasi ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, ambayo haikuwa ikitajwa sana. Mbao hao, chini ya Mrundi Etienne Ndayiragije, mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Dodoma na kufungwa na Simba 2-1. Sisi tulitazama kwenye banda umiza, tumenyamaza.

Aibu ile ilikaa. Ukisafiri ukasema unatoka Geita, mtu wa mpira alikuuliza kwa kicheko: nane bila? Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya Minziro haikuwa kupandisha timu. Ilikuwa kutupa sababu nyingine ya kutajwa.

Alikuja na sifa ya kupandisha. Singida United walipanda naye, KMC wakapanda naye. Watu wa mpira walimwona kama fundi wa kazi moja: anakuvusha mto, kisha unamlipa na kumwita mwingine mwenye viatu vinavyong'aa akuongoze barabarani. Na kweli mwaka 2021 akatuvusha. Geita Gold na Mbeya Kwanza wakapanda, na mwaka huohuo Mwadui wakateremka. Ukanda ukabadilishana mwakilishi, almasi ikashuka na dhahabu ikapanda.

Siwezi kueleza vizuri mji ulivyokuwa. Bodaboda zilipiga honi mpaka betri zikalalamika. Watu wa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu walizima mashine zao kabla ya saa. Kisha, kabla vumbi halijatulia, tukasikia kocha mkuu wa Ligi Kuu ni Ndayiragije, aliyekuwa ametoka kuinoa Taifa Stars, na Minziro atamsaidia. Sikushangaa. Ndivyo walivyokuwa wakimfanyia kila alikopita. Ndayiragije ni kocha mzuri, asiye na haja ya utetezi wangu, lakini ligi haikumngoja. Pointi zilikuwa adimu, mechi za mwanzo zikaenda vibaya, akaondoka. Benchi likarudi kwa yule aliyelijua.

Sasa sikiliza jinsi tulivyompokea. Tulilalamika. Tulisema anapaki basi. Tulisema anachelewa kubadilisha wachezaji, anapenda wazee, hana mbinu za kisasa. Wazee wenyewe walikuwa watu kama Kelvin Yondani, beki aliyechezea Simba na Yanga na ambaye vijiwe vya Dar vilikuwa vimeshamwandikia barua ya kustaafu. Minziro hakujibu. Ukiwa Nyankumbu ulimwona amesimama pembeni ya uwanja, mikono nyuma, akisema neno moja moja. Uwanja wenyewe, kwa asiyeujua, uko kwenye eneo la shule ya wasichana ya Nyankumbu, na siku za mechi kubwa timu ilikuwa ikihamia Kirumba, Mwanza. Kwa hiyo hata raha ya kumkaribisha mkubwa nyumbani kwetu tulikuwa tukiikopesha.

Na katikati ya manung'uniko hayo, George Mpole akaanza kufunga.

Hapa naomba nikae kidogo. Mpole hakuwa jina la kutisha mtu. Washambuliaji wa kutisha walikuwa Jangwani kwa Yanga na Msimbazi kwa Simba, walionunuliwa kwa pesa na kupokewa uwanja wa ndege. Msimu ule Yanga walikuwa na Fiston Mayele, anafunga na kutetema, nchi nzima inatetema naye mpaka kwenye harusi. Na huku kwetu kuna kijana anafunga bao, anarudi katikati, mchezo unaendelea. Wiki moja yuko nyuma, wiki nyingine wako sawa. Kalangalala ikagawanyika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona: watu wa Yanga kindakindaki wakawa wanaomba Mayele akose. Waliomba Yanga ishinde, lakini afunge mwingine! Msimu ukaisha Mpole akiwa na mabao 17, Mayele 16. Mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania alitoka timu ya halmashauri ya mji wa Geita, na kocha wake alikuwa mtu tuliyemwita mpaki basi.

Siku niliyoelewa kwamba kitu kimebadilika ilikuwa Aprili 2022, robo fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga kwa Mkapa. Banda lilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Jezi za njano zilikuwa nyingi, na yangu ilikuwa mojawapo. Geita walitangulia kufunga. Nilitegemea kimya, banda likalipuka. Nikatazama huku na huku: walioruka walikuwa wamevaa njano. Yanga wakasawazisha mwishoni, ikawa 1-1, na tukatolewa kwa mikwaju ya penalti, 7-6. Kijana mmoja mbele yangu alivua jezi ya Yanga, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. Hakuichana wala hakuitupa, maana jezi ni hela. Lakini njia nzima alitembea na fulana ya ndani.

Fikiria na Minziro mwenyewe, aliyeichezea Yanga na baadaye kukaa kwenye benchi lake la ufundi, akisimama upande wa pili kuitoa jasho kiasi hicho. Hakuwahi kutuhubiria tuache Yanga na Simba. Alituonyesha tu kwamba kuna wa kwetu.

Tulimaliza wa nne. Kwa kuwa Tanzania ilikuwa na nafasi nne za michuano ya Afrika, nafasi ya nne ilitosha, na Geita Gold, timu iliyokuwa na msimu mmoja tu Ligi Kuu, ikaingia Kombe la Shirikisho la CAF pamoja na Azam. Hatukwenda mbali, Hilal Alsahil ya Sudan ilitutoa mapema. Wengine walisema hapo ndipo Minziro alipofikia kikomo chake. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba mwaka 2016 tulikuwa mfano wa aibu na mwaka 2022 tulikuwa na tiketi ya Afrika. Mwenye hesabu nyingine aje nayo.

Msimu wa pili naupita haraka kwa sababu unauma. Mpole akaenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Saidi Ntibazonkiza, tuliyemsajili na akaanza kutufungia, akachukuliwa na Simba dirisha dogo la Desemba 2022, na mwisho wa msimu akawa mfungaji bora kwa mabao 17, sawa na Mayele, sehemu ya mabao hayo ikiwa ya Geita. Soko ni soko. Timu ndogo ikilea vizuri, wakubwa wanabisha hodi. Ila kocha aliyenyang'anywa mikuki miwili aliimaliza ligi bila kutupeleka kwenye shimo, kisha akaondoka. Hapakuwa na sherehe ya kuagana iliyoutikisa mji. Vijiweni nilisikia hata wa kusema afadhali, sasa tutacheza mpira.

Hemed Suleiman Morocco akaanza msimu uliofuata, Denis Kitambi akaja baadaye. Wote ni makocha wenye majina, na siwalaumu wao. Lakini Mei 2024 Azam walitufunga 2-0 katika mechi ya mwisho na tukashuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Miaka mitatu, basi. Mtibwa walirudi baada ya msimu mmoja. Sisi hatukurudi nao.

Minziro yeye aliendelea na safari yake: Prisons, Kagera Sugar, kisha Pamba Jiji ya Mwanza, timu iliyokaa miaka mingi nje ya Ligi Kuu. Aliikuta ikiyumba msimu wa 2024/25 na haikushuka. Habari hizo zilipofika Kalangalala ndipo nyimbo za sasa zilipoanza rasmi. Ghafla kila mtu alikuwa akimkubali tangu zamani. Ghafla basi alilopaki lilikuwa ukuta, na wazee aliowapenda walikuwa uzoefu. Nilimsikia kijana mmoja, mwenye kumbukumbu nzuri kuliko wenzake, akimchokoza babu mmoja wa kijiwe cha kahawa:

"Shikamoo babu. Lakini si wewe uliyekuwa unasema Minziro anapaki basi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nilisema. Na basi lenyewe lilitufikisha nafasi ya nne. Wewe umepanda gari gani tangu hapo?"

Kijiwe kilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nami nilicheka, lakini jibu la babu lina upungufu. Linamfanya Minziro kuwa mganga, kwamba alipoondoka yeye na dawa ikaondoka. Sikubaliani. Alichofanya kilionekana na kila mtu: aliziba nyuma kwanza, akasajili watu wenye hasira ya kuachwa na wengine, akampa mshambuliaji mmoja imani ya msimu mzima hata alipokosa. Hayo yangeweza kuandikwa, kurithishwa, kufundishwa kwa vijana wa Katoro na Nyarugusu. Hakuna aliyeyaandika. Klabu ilimtegemea mtu mmoja, na mtu mmoja ana miguu, atahama. Ndiyo tofauti ya kumpenda kocha na kuijenga timu, na sisi mashabiki tulikuwa wepesi wa yote mawili pale tu tuliposhinda.

Hata hivyo kuna kilichobaki. Watoto wa mtaani kwangu wakicheza chandimu siku hizi, yuko mmoja lazima awe Mpole. Zamani wote walikuwa Yanga na Simba, wakigombea majina ya watu ambao hawatawaona kamwe. Na ukimuuliza mtu wa hapa anashabikia nani, anakutajia timu mbili, na ya Geita haoni haya kuianza.

Halmashauri yetu imekuwa ikijenga uwanja mpya huko Magogo kwa fedha za mgodi. Ombi langu kwa madiwani ni moja, na naliandika mapema kabla wanasiasa hawajajipanga: jukwaa mojawapo la uwanja huo lipewe jina la Fred Felix Minziro, na yeye mwenyewe aalikwe aje akate utepe, akiwa hai na akisikia tunavyomshangilia.