Maziwa Yakikusumbua Tumbo: Jipime Kabla ya Kumlaumu Ng'ombe au Muuzaji

Leo tuache kidogo habari za pamba na choroko, tuzungumze juu ya kikombe cha maziwa.

Mimi tumbo langu halikubali maziwa freshi. Nikinywa glasi nzima asubuhi kabla ya kula, baada ya saa moja au mbili tumbo linajaa gesi, linanguruma, na mara nyingine naharisha. Sasa fikiria kazi yangu ni kutembelea wafugaji, na hapa kwetu Bariadi mgeni akifika hupewa maziwa. Ukikataa unaonekana una dharau. Jambo hili nalijua kwa mwili wangu.

Naliandika kwa sababu naona hasara yake. Mteja anaumwa tumbo, anamtangaza mchuuzi kuwa maziwa yake yamechanganywa, na mchuuzi anakosa soko. Baba yakimsumbua, maziwa yanakatazwa nyumba nzima, watoto wanakosa chakula kizuri kilichopo zizini kwao.

Chanzo chake ni nini? Maziwa yana sukari yake, inaitwa laktosi. Ili mwili uitumie, utumbo hutoa kimeng'enya kiitwacho laktase. Mtoto mchanga anacho kwa wingi, lakini kwa watu wengi hupungua wakikua. Sukari isiyosagwa inashuka kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, ndipo unapata gesi na kuharisha. Takribani theluthi mbili ya watu duniani wako hivyo, kwa hiyo si kurogwa wala si aibu.

Utaniuliza: mbona sisi ni wafugaji tangu enzi za mababu? Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta mabadiliko ya vinasaba, tofauti na yale ya Wazungu, yanayowawezesha watu wazima kusaga maziwa, hasa kwenye jamii za wafugaji. Lakini si kila mtu ameyarithi. Ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja anaweza kunywa lita nzima akalala vizuri, mwingine kikombe kimoja kikamkosesha raha.

Namna ya kujipima (kwa mtu mzima):

1. Acha maziwa ya aina zote kwa siku 14, pamoja na chai ya maziwa, mgando na uji wenye maziwa. Vyakula vingine endelea navyo kama kawaida.
2. Andika kwenye daftari ulichokula na tumbo lilivyokuwa.
3. Baada ya hapo kunywa glasi moja ya maziwa yaliyochemshwa, kabla ya kula. Shida ikirudi ndani ya saa chache, rudia siku nyingine uhakikishe.
4. Kama tumbo liliendelea kusumbua hata ulipoacha maziwa, chanzo ni kingine. Nenda zahanati, huenda ni minyoo, amiba au jambo jingine.

Ukigundua ni maziwa, usiyaache yote. Wengi wetu tunaweza nusu kikombe pamoja na chakula bila shida. Mgando ni rahisi zaidi, kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya sukari na wanasaidia kusaga iliyobaki. Mimi ugali wa mtama na mgando nakula nikashiba, tumbo likatulia. Samli nayo ina laktosi kidogo mno. Usidanganyike kwamba maziwa ya mbuzi hayana sukari hiyo, au kwamba kuchemsha kunaiondoa. Kuchemsha kunaua vijidudu, kama vya brusela na kifua kikuu, na kwa sababu hiyo chemsha kwanza, acha yapoe, ndipo ugandishe.

Madini ya kujenga mifupa utayapata pia kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, majani ya kunde, ufuta na unga wa ubuyu. Vyote vinapatikana minadani kwetu.

Kwa wewe mchuuzi na mama ntilie: weka mgando na chai ya rangi pembeni ya chai ya maziwa. Mteja akilalamika, muulize kama wenzake waliokunywa maziwa ya chombo kilekile wameumwa. Wakiwa wameumwa wengi, kagua usafi wa vyombo na afya ya ng'ombe. Akiwa peke yake, na kila akinywa maziwa popote hali ni hiyohiyo, mweleze haya na umuuzie mgando.

Tahadhari. Mtoto anayenyonya asiachishwe ziwa kwa sababu ya kuharisha. Aendelee kunyonya na apelekwe kituo cha afya. Ukiona damu kwenye choo, homa, kukonda au kuharisha kusikoisha, usijipime nyumbani, muone mganga. Na mtu akivimba midomo, akitoka vipele au akibanwa pumzi baada ya maziwa, hiyo ni aleji, ni hatari, awahishwe hospitali.

Mimi ni afisa ugani, si daktari. Lakini kabla hujauza ng'ombe wako au kumchafulia mwenzako jina sokoni, chukua daftari, hesabu siku 14. Ukipata majibu yako, uniambie nikipita kijijini kwenu.