Kutoka Merikani hadi Kapelo: Kumbukumbu ya Vazi la Hip Hop Kilosa na Mikumi

Vazi la hip hop, kwa maana ya suruali pana, fulana ndefu, kapelo, raba na cheni walizovaa vijana wapenzi wa muziki wa kufokafoka, lilienea Kilosa na Mikumi katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tangu hapo limebadilika umbo mara kadhaa, lakini kazi yake imebaki ile ile: kumtambulisha kijana asiye na cheo wala mali mbele ya watu wanaomtazama kabla ya kumsikiliza.

Nguo ya Kimarekani haikuwa ngeni katika eneo hilo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, huko bara, ilikatiza Usagara, yaani nchi ya Wasagara ambamo Kilosa imo, ikiwa na majora ya merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ambacho kilitumika kununulia chakula na kulipia hongo, yaani ushuru wa kupita katika himaya ya mtawala. Baada ya uhuru, mavazi ya kigeni yaligeuka kuwa suala la siasa: mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichokuwa kikitawala, ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni iliyoanza Dar es Salaam mwezi Januari 1969 kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, kwa hoja kwamba vitu hivyo vilidhalilisha utamaduni wa taifa. Ni pale biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 ndipo mitumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo na kufungwa katika marobota, ilipopata njia ya kufika kwa wingi hadi kwenye minada ya wilayani.

Mitumba hiyo ilikuwa na kasoro moja iliyojulikana na kila mnunuzi, nayo ni ukubwa, kwa sababu ilikatwa kwa miili ya watu wengine. Kwa miaka mingi suala hilo lilimalizwa na fundi cherehani barazani, aliyefumua mishono ya pembeni, akapunguza kiuno, akakata miguu na kuirudishia pindo. Muziki wa kufokafoka, uliopata nguvu kupitia makundi kama Kwanza Unit lililoanzishwa mwaka 1993, na kupitia redio binafsi zilizofuata, uliigeuza kasoro hiyo kuwa urembo, hata kijana akamwagiza fundi apunguze kiuno peke yake na miguu aiache ilivyo. Katika New York, kampuni ya FUBU iliyoanzishwa mwaka 1992 ilijipa jina lenye maana ya nguo zilizotengenezwa na sisi kwa ajili yetu. Kilosa haikuwa na kiwanda cha namna hiyo, lakini ilikuwa na cherehani ya kukanyaga, na kwa cherehani hiyo vijana walifanya jambo lile lile.

Methali husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na wazee wengi waliitumia hekima hiyo kuwaonya watoto wao, wakiiona suruali ya mlegezo, yaani ile inayoshuka chini ya kiuno, kuwa alama ya uhuni. Onyo lao lilitoka katika mapenzi, ila lilisahau kwamba Kilosa yenyewe ni wilaya ya mavazi mengi yanayosema mvaaji ni nani: Mmasai na shuka lake jekundu, Mwislamu na kanzu yake, mama na kanga iliyoandikwa ujumbe. Kijana wa kapelo alijiunga na lugha iliyokuwapo tayari. Kundi la X Plastaz la Arusha, lililotoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, lilithibitisha ukaribu huo pale mmoja wa wasanii wake, Merege, alipopanda jukwaani na vazi la Kimasai, akaonyesha kuwa shuka linaweza kuwa vazi la hip hop bila kubadilishwa uzi hata mmoja.

Mabadiliko makubwa zaidi yalihusu namna ya kumtazama mvaaji. Joseph Haule, anayejulikana kama Professor Jay, alianza kuvuma na kundi la Hard Blasters, kisha mwaka 2001 akatoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, yenye wimbo wa Ndio Mzee unaomchora mwanasiasa mwenye ahadi zisizotekelezeka. Wimbo huo uliwafikia hata wazee wasiopenda suruali pana, kwa kuwa ulisema jambo walilolijua. Mwaka 2015 wapiga kura wa Jimbo la Mikumi walimchagua msanii huyo kuwa mbunge wao kwa tiketi ya CHADEMA, chama ambacho wafuasi wake nao walikuwa na vazi lao la kujitambulisha, yaani gwanda la kaki. Aliliwakilisha jimbo hilo hadi mwaka 2020, akiingia bungeni na suti kama kanuni zinavyoruhusu, na hakuna aliyedai kwamba suti ilimfuta msanii, kama ambavyo haikuwa haki hapo awali kudai kwamba kapelo ilimfuta raia mwema.

Siku hizi umbo limegeuka tena. Suruali pana zilipisha modo, yaani suruali za kubana za aina ile ile iliyopigwa vita mwaka 1969, na baadhi ya suruali za zamani zilirudi kwa fundi yule yule ili miguu iliyoachwa pana ipunguzwe. Mitindo mipya huonekana kwenye simu siku inapotoka.

Picha za studio za miaka ile, ambamo vijana wamesimama na kapelo zao mbele ya pazia lililochorwa, bado zimo katika albamu za majumbani, na baadhi ya mafundi waliozishona suruali hizo wangali hai. Familia na shule za Kilosa na Mikumi zizikusanye picha hizo, na mafundi hao waulizwe, wakati majibu bado yapo.