Mashini Ilisimama Mstari wa 661



Mama Prezidenti aliniomba niandike namna ya kuhesabu akiba kwa mashini, maana vikundi vingine vya hapa Nyantende vinataka kuanza. Nitaandika, lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Kikundi chetu cha AVEC mnakijua. Tuko wanawake 22. Tunakutana kila siku ya posho, na kila mmoja ananunua hisa moja mpaka tano. Hisa moja ni faranga 2,000. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa mama watatu wa nyumba mbalimbali. Njia hii ilianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, na leo iko katika nchi nyingi za Afrika. Mwisho wa mzunguko tunafungua sanduku, tunagawana kadiri ya hisa za kila mmoja.

Mimi ni mwalimu, nina diploma ya ISP ya Bukavu, basi waliniweka mwandishi. Kila jioni baada ya mkutano nilikuwa naingiza hisa katika Excel. Orodha yenyewe ni rahisi. Mstari wa kwanza una vichwa vinne: Tarehe, Namba, Jina, Hisa. Chini yake kila mama anapata mstari mmoja kwa kila mkutano.

Juma la 30, mwalimu mwenzangu alinionyesha fomula inayoitwa BDSOMME. Nilifurahi sana. Unaiambia mambo matatu tu: orodha iko wapi, ijumlishe safu gani, na sharti limeandikwa wapi. Niliandika hivi:

=BDSOMME(A1:D661;"Hisa";F1:F2)

A1:D661 ni eneo la orodha, kutoka kijumba cha juu kushoto mpaka kijumba cha chini kulia. Katika F1 niliandika neno Jina, na katika F2 jina la mama ninayemtafuta. Nikibadilisha jina, hesabu yake inatokea mara moja. Kazi iliyokuwa inanichukua usiku mzima na kalamu ikaisha kabla bugali haijaiva.

Angalieni ile 661. Wanawake 22 kwa majuma 30 ni mistari 660, na mmoja wa vichwa. Siku ile orodha iliishia hapo kweli. Jumla ya kikundi kizima nayo niliiandika iishie hapo hapo. Halafu nikaendelea kuandika majuma mengine chini yake, bila kuigusa tena fomula.

Siku ya kugawana ilifika, juma la 40. Tulihesabu faranga za sanduku: 4,830,000, pamoja na faida ya mikopo. Mashini ikasema hisa zote ni 1,500. Nikagawanya: kila hisa faranga 3,220! Mama walipiga vigelegele. Hatujawahi kuona faida ya namna hiyo. Mmoja alisema karo ya watoto wake imekwisha kulipwa.

Nikaanza kusoma majina. Nilipofika kwa mama mmoja mjane nikasema: hisa 34. Alinyamaza kidogo, kisha akasimama. «Mwalimu, mimi sikusoma, lakini hisa zangu si hizo.»

Hapo nilisema neno ambalo mpaka leo linanichoma. Nilimwambia: «Mama, mashini haikosei.»

Hakugomba. Alifungua kitabu chake cha akiba, akaanza kuhesabu mihuri kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sauti. Wengine walitaka aketi, maana saa zilikuwa zinakwenda. Yeye akaendelea. Ilikuwa mihuri 84.

Nikarudi kwenye mashini, jasho likinitoka. Katika majuma 30 ya kwanza mama huyu alikuwa na mtoto mgonjwa. Alinunua hisa moja kila juma, na mara nne tu alinunua mbili. Hizo ndizo 34. Alipovuna maharagi yake na kuyauza, akanunua tano kila juma kwa majuma kumi. Hizo ni 50, na zote zilikuwa chini ya mstari wa 661. Orodha ilifika mstari wa 881, lakini mashini ilisoma mpaka pale nilipoiambia, ikasimama.

Nikakosoa kwa haraka, na haraka ikaniletea kosa jingine: sharti nililiandika F1:F3, na F3 ilikuwa tupu. Mjane akatokea na hisa 2,100, yaani za kikundi kizima! Hapo angalau tulicheka. Kijumba kitupu katika sharti maana yake ni «chukua wote».

Hesabu ya kweli ilikuwa hii: hisa 2,100, kila moja faranga 2,300. Mjane alipata 193,200. Kwa hesabu yangu ya kwanza angepata 109,480. Ile faida kubwa tuliyoishangilia ilikuwa faranga za majuma kumi zilizokosa mwenyewe.

Si wote waliofurahi. Walionunua sana mwanzoni na kupunguza baadaye walikuwa wamekwisha kupanga zile 3,220 moyoni. Mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nimebadilisha hesabu ili kumsaidia rafiki yangu. Sikuwa na jibu ila kuomba kila mtu afungue kitabu chake. Tulihesabu mihuri ya wote 22, ikatoka 2,100. Ndipo makelele yakaisha. Nami nikamwomba mjane msamaha palepale, nimesimama.

Basi kwa wanaotaka kuanza, haya ndiyo ya kushika:

1. Eneo la orodha liandikeni refu tangu mwanzo, kwa mfano A1:D2000. Mistari mitupu ya chini haiharibu jumla.

2. Kichwa cha sharti kiwe sawasawa na kichwa cha safu. Mkiandika «Majina» juu ya sharti wakati safu inaitwa «Jina», hesabu haitakuwa ya kweli.

3. Sharti lisiwe na mstari mtupu ndani yake.

4. Tafuteni kwa namba ya mwanachama, si kwa jina. Ukiandika Furaha, mashini inachukua kila jina linaloanza hivyo.

5. Kabla ya kugawana, jumla ya mashini ilingane na jumla ya mihuri. Zisipolingana, sanduku lifungwe kwanza, mtafute kosa.

Hii ya tano tumeigeuza kuwa sheria ya kikundi. Siku ya kugawana, kila mama anasoma mihuri yake kwa sauti kabla mimi sijafungua mashini. Anayeanza kusoma ni yule mjane.