Neno la Pili Kutoka Kushoto

Kinyala, wilayani Rungwe, ambako mvua huingia bila kupiga hodi, yuko mwalimu mstaafu aliyekusanya maneno ya Kinyakyusa miaka mingi ndani ya kompyuta kuukuu yenye Ubuntu ya mwaka 2010. Juu ya kioo palikuwa na ukanda, chini ukanda mwingine. Juu kushoto, maneno matatu ya Kiingereza. Hakuyasoma. Alijua tu kwamba neno la pili kutoka kushoto ndilo mlango wa kamusi yake, kama mtu ajuavyo gizani mtungi wa maji ulipo.

Kompyuta ikafa. Kijana wa jirani, mwanafunzi wake wa zamani, akamletea nyingine.

“Mwalimu, yote yamo humu.”

Maneno yalikuwamo; njia ndiyo haikuwamo. Siku tatu mzee aliamini kazi yake imepotea, na hakumwambia mtu. Aibu ya mwalimu asiyejua ni nzito.

Lakini kosa halikuwa lake. Aprili 2011 mazingira ya GNOME, katika toleo la 3, yaliacha mpango ule wa kanda mbili. Wengi walinung’unika, mwaka uo huo Muajentina mmoja akaanza kuuendeleza ule wa zamani, akauita MATE, kwa jina la majani ya kinywaji cha kwao. (Watu wa Tukuyu, waishio kati ya mashamba ya chai, hawahitaji kufasiriwa mapenzi hayo.)

Basi kijana akaweka Ubuntu MATE ya Aprili 2018. Ikaja na mpangilio uitwao Familiar, yaani uliozoeleka. Kanda mbili zilirudi, ila maneno matatu yamegeuka kitufe kimoja.

“Umezoeleka kwa nani, mwanangu?”

Swali la haki. Aliyeupa jina hakuwa na Kinyala mawazoni. Kijana akafungua programu ya MATE Tweak, sehemu ya paneli, akateremka katika orodha hadi Traditional, wa jadi. Kioo kikapepesa, maneno matatu yakajipanga mahali pake.

Mzee hakutabasamu. Alikwenda kwenye neno la pili, akafungua kamusi, akahesabu kurasa zake mpaka mwisho. Ndipo akadai kitufe cha kuandikia kiwekwe pembeni mwa yale maneno, kama zamani. Kijana akabonyeza kwa kulia mahali patupu pa ukanda, akakiongeza, kisha akauhifadhi mpangilio mzima kwa jina moja: Mwalimu.